Kengele za Bohari: Mlango wa Tisa Usifungwe Waya Mmoja na wa Nane

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee waliyasema maneno hayo juu ya biashara, lakini yafaa vilevile juu ya ulinzi. Mkulima wa karafuu huhangaika mwaka mzima. Hupalilia, hungoja mvua, huwalipa wachumaji, huanika juu ya majamvi na kuanua mbio mawingu yanapotanda. Mwisho wa taabu hiyo yote ni magunia machache yaliyopangwa bohari. Gunia moja la karafuu kavu mtu mwenye nguvu aweza kulibeba begani, na usiku mmoja watosha kupoteza jasho la msimu mzima. Tena karafuu haina alama ya mwenyewe. Ikishachanganywa na ya mtu mwingine, hapana hakimu wala mpelelezi awezaye kuzitenga.

Kwa hiyo wenye mabohari wengi siku hizi hutia kengele za umeme, na hilo ni jambo jema. Lakini bohari hukua. Leo lina milango minne na madirisha manne. Mwakani kunaongezwa chumba cha mizani, kisha kibanda cha makonyo, kisha bohari la pili ng'ambo ya uwanja. Kengele iliyotiwa siku ya kwanza haikupimwa kwa hayo. Hapo ndipo fundi asiye mwangalifu hufanya hila ya waya, na mwenye mali hudhani amelindwa kumbe sivyo.

Makala haya yaeleza namna ya kuongeza njia za kengele kwa utaratibu wake, yaani kuunga moduli za nyongeza kwenye sanduku kuu. Si kwamba kila mwanachama awe fundi. Ni kwamba kila mwanachama ajue la kumwuliza fundi kabla ya kumlipa.

KWA NINI TUTAZAME DODOMA

Huenda msomaji akauliza: Dodoma na karafuu wapi na wapi? Nchi ya Wagogo haioti mkarafuu. Iko juu ya uwanda wa kati wa Tanganyika ya zamani, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na mvua yake haifiki milimita 600 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Pemba hupata kama mara tatu ya hiyo. Huko mazao ni mtama, uwele, alizeti na zabibu.

Sababu ya kwanza ni kuwa Dodoma ni mji uliokua kwa kuongezewa. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie huko. Mambo yalikwenda polepole miaka mingi. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa nguvu, mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na Aprili 2019 Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba, kila wizara na jengo lake. Wabunge wetu wa Unguja na Pemba huenda huko kwenye Bunge la Muungano, nao wanajua jinsi nyumba zinavyochipuka kila upande. Mahali pa namna hiyo, jengo likijengwa lenye vyumba kumi, haupiti muda likawa na ishirini, na kila chumba chataka kulindwa.

Sababu ya pili ni maghala. Uwanda wa kati ni nchi ya ukame, na nchi ya ukame hujifunza kuweka akiba. Kizota, pembeni mwa jiji, pana maghala makubwa ya nafaka. Kibaigwa, wilayani Kongwa, kwenye barabara ya Morogoro, pana soko la mahindi linalojulikana Afrika ya Mashariki yote. Maghala ya nafaka ni marefu, yana milango mingi, na aghalabu yamekaa mbalimbali ili malori yapate kugeuka. Mwenye kutia kengele huko hukutana na mashaka yote ambayo sisi hukutana nayo kwa kipimo kidogo: waya mrefu, milango mingi, na umeme wa kugawana.

Sababu ya tatu ni fundisho la kale la Kongwa yenyewe. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza huko mpango mkubwa wa karanga. Ilikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika Afrika ya Mashariki. Matrekta yaliletwa kabla ya ardhi kupimwa vya kutosha. Wakati wa kiangazi udongo ule uligeuka mgumu kama saruji, mvua ikakosekana, na mwaka 1951 mpango uliachwa baada ya kutumika pauni zaidi ya milioni thelathini. Waliongeza kabla ya kupima. Neno hilo tulishike, maana kazi ya kuongeza kengele nayo ni hiyo hiyo: kwanza pima, ndipo uongeze.

KENGELE INAVYOJUA

Kengele ya wezi inayotumia umeme si jambo la jana. Mwaka 1853 Augustus Pope wa Somerville, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, alipata hati ya kuumiliki uvumbuzi wake, na mwaka 1857 Edwin Holmes wa Boston aliinunua haki hiyo akaanza kuifanyia biashara. Katika mtambo wa Pope, mlango ulipofunguliwa umeme ulipata njia ya kupita na kengele ikalia.

Namna hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Mwizi akikata waya mchana, usiku kengele haina habari. Kwa hiyo mafundi waliokuja baadaye waliligeuza jambo. Walifanya umeme mdogo uzunguke daima katika waya wakati mlango umefungwa; mlango ukifunguliwa mzunguko hukatika, na kule kukatika ndiko kunakoamsha kengele. Mwizi akikata waya, hilo nalo ni kukatika, na kengele hulia vilevile.

Mitambo ya leo hufuata kanuni hiyo. Katikati pana sanduku kuu, ambalo ndilo akili ya mtambo. Kutoka kwake hutoka nyaya mbili mbili kwenda kila mlango. Kwenye mlango pana vipande viwili, kimoja ni sumaku, kingine ni swichi ndogo. Vikitengana mzunguko hukatika. Vyumbani huwekwa macho yanayotambua joto la mwili wa mtu likipita. Karibu na mlango wa kuingilia pana kibao cha namba cha kufungia na kufungulia mtambo, na juu ya ukuta pana king'ora. Kila jozi ya nyaya iendayo kulinda mahali pamoja tutaiita hapa njia.

NJIA NANE NA MLANGO WA TISA

Masanduku mengi huja na njia chache, mara nyingi nane. Sasa bohari limeongezwa mlango wa tisa. Fundi mwenye haraka huuchukua mlango wa tisa akaufunga waya mmoja na mlango wa nane. Kazi huisha kwa robo saa, mlango wowote ukifunguliwa king'ora hulia, na mwenye bohari hufurahi kwa kuwa gharama ni ndogo.

Hasara yake haionekani siku hiyo. Huonekana siku swichi ya mlango wa nane inapoharibika. King'ora hulia saa 8 ya usiku bila sababu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Askari wa zamu huchoka, majirani hulalamika. Basi hubonyezwa kibao ili njia ile irukwe, yaani mtambo usiisikilize mpaka fundi aje. Njia ikirukwa, milango yote miwili iliyofungwa pamoja hubaki bila ulinzi. Mwenye bohari anajua ameuacha mlango wa nane. Hakumbuki kwamba ameuacha na wa tisa. Na mwizi, ambaye aghalabu ni mtu aliyepata kufanya kazi humo, anakumbuka.

Kuna hasara ya pili. King'ora kikilia kweli, kibao huonyesha njia ya 8 tu. Askari akimbilie mlango gani? Ukumbi wa mbele ni huku, kibanda cha makonyo ni kule. Katika dakika mbili za kubahatisha, gunia limeshavuka ukuta. Kengele isiyosema ni wapi ni kelele tu.

Hizi ndizo sababu za kusema kwamba kila mlango uwe na njia yake. Na njia zikiisha, kitu cha kufanya ni kuongeza njia.

MODULI NA NYAYA NNE

Moduli ya nyongeza ni kibao kidogo cha elektroniki chenye njia zake, kiungwacho na sanduku kuu. Tuchukue mfano wa mtambo mmoja ulioenea katika nchi nyingi, ule wa DSC wa Canada uitwao PC1832. Sanduku lake lina njia 8. Moduli yake iitwayo PC5108 ina njia 8 nyingine. Ukiunga moduli moja una njia 16, mbili 24, tatu 32, na hapo ndipo mwisho wake. Mitambo ya viwanda vingine ina hesabu nyingine, lakini kazi ni ya namna moja.

Jambo la kupendeza ni kwamba moduli haihitaji nyaya kumi na sita kurudi kwenye sanduku. Yataka nne tu. Nyekundu huleta umeme, nyeusi huurudisha, na mbili zilizobaki, katika mtambo huu ya manjano na ya kijani, ni za mazungumzo: moduli hulieleza sanduku ni njia gani imefunguka, na sanduku huiuliza moduli kila mara kama bado ipo. Kwa hiyo nyaya za milango ya bohari la pili huishia kwenye moduli iliyo humo humo bohari la pili, na uwanja huvukwa na waya mmoja tu wenye nyuzi nne.

Taratibu za kazi ni hizi. Kwanza fundi huzima umeme wa ukutani na kuchomoa betri. Kuunga moduli mtambo ukiwa hai ni kujitafutia kuuchoma. Pili huunga kila rangi na skrubu yake, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, na zile mbili za mazungumzo kila moja mahali pake. Zikipishana moduli haitasikika kabisa. Tatu huipa moduli nafasi yake kwa vipini vidogo vilivyo juu yake, ili moduli mbili zisidai kuwa njia ya 9 hadi ya 16 zote pamoja. Nne hurudisha umeme, akalipa sanduku muda wa kuitambua moduli mpya, kisha akaamuru kwa kibao njia zipi zitumike na za aina gani, maana mlango wa kuingilia hupewa muda kidogo kabla ya king'ora kulia, na dirisha halipewi hata kidogo.

Faida kubwa ya kuunga kwa utaratibu huu ni kwamba mwizi akikata ule waya wa nyuzi nne, sanduku hukosa jibu la moduli na huandika kosa kwenye kibao. Mwambie fundi akuonyeshe hilo kwa macho yako. Achomoe waya wa mazungumzo mbele yako, nawe uone kibao kinasema nini.

Urefu nao una mpaka. Katika mtambo tulioutaja, moduli yoyote isizidi mita 305 za waya kutoka kwenye sanduku, na nyaya zote za namna hiyo zikijumlishwa zisizidi mita 915. Waya hupimwa kwa jinsi unavyopita ukutani na darini, wala si kwa jinsi ndege anavyoruka.

KIPANDE KIDOGO MWISHO WA WAYA

Sasa tuje kwenye kipande cha bei ndogo kuliko vyote, ambacho mafundi wengi hukitia mahali pasipo pake. Huitwa rezista. Ni kijiti kidogo chenye mistari ya rangi, na kazi yake ni kuuzuia umeme kwa kipimo maalumu. Katika mtambo wetu wa mfano kipimo hicho ni omu 5,600.

Rezista hutiwa mwisho wa waya, kule mlangoni. Sanduku hupima njia daima. Likikuta omu 5,600 hujua waya wote ni mzima na mlango umefungwa. Likikuta waya umekatika hujua kuna jambo. Likikuta hapana kizuizi kabisa, yaani nyaya mbili zimegusana, hujua vilevile kuna jambo: ama panya ametafuna, ama mtu ameziunganisha kwa makusudi ili mlango upate kufunguliwa kimya.

Fundi akiitia rezista ndani ya sanduku badala ya mlangoni, kwa sababu ni rahisi kufikika, sanduku hudanganyika. Mwizi akiunganisha nyaya mbili popote njiani, sanduku bado linaiona rezista yake pale karibu, na linasema mambo ni salama. Ni kama mlinzi anayeandika katika daftari kwamba amezunguka bohari lote, kumbe hakutoka kitini.

Kwa mahali penye mali nyingi, hutumika rezista mbili: moja mwisho wa waya, nyingine imepanda juu ya swichi yenyewe. Hapo sanduku hupata majibu manne. Omu 5,600 ni salama. Omu 11,200 mlango umefunguliwa. Sifuri nyaya zimegusana. Na kukatika kabisa maana yake waya umekatwa. Sharti mtambo wote uamriwe kutumia namna hiyo, njia za sanduku na za moduli pia. Mwanachama anayejenga upya na aombe hii ya rezista mbili. Gharama ya ziada ni ndogo sana.

HESABU YA UMEME

Hapa ndipo wengi hurudia kosa la Kongwa. Moduli na macho yote hula umeme wa sanduku, na sanduku lina kiasi chake. Katika mtambo wa mfano, vyombo vyote vya nje visizidi miliampea 700. Tufanye hesabu. Kibao cha namba tuseme kinakula 125. Moduli moja hula 30. Macho 16, kila moja tuseme 15, ni 240. Jumla 395. Hapo pana nafasi nzuri.

Sasa ongeza moduli mbili zaidi, 60, na macho mengine 16, 240. Jumla imekuwa 695. Kikombe kimejaa hadi ukingoni, na king'ora hakijalia bado.

Tazama na betri. Umeme wa ukutani ukikatika, mtambo huishi kwa betri, mara nyingi ya volti 12 na ampea 7 kwa saa. Sanduku lenyewe hula kama miliampea 110. Kwa mzigo wa kwanza, jumla ni 505, na betri mpya ingedumu karibu saa 14. Kwa mzigo wa pili, jumla ni 805, na betri ile ile haifiki saa 9. Hayo ni kwa betri mpya kwenye karatasi. Iliyokaa miaka mitatu katika joto la bohari haifiki hapo. Kuongeza njia bila kuongeza betri ni kupunguza usiku.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kuhubiriwa jambo hili. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ilikaa miezi mitatu, kwa sababu ya kuharibika kwa njia ya umeme utokao Bara. Hapana betri ya kengele ya kustahimili hayo. Ndiyo maana askari wa zamu hawezi kuachwa kwa kuwa kengele ipo, na anayetegemea mtambo na awe na jenereta au umeme wa jua wa kuichaji betri.

Kuna na umeme unaopotea njiani. Tuseme bohari la pili liko mita 200, lina moduli moja na macho 8, mzigo wa miliampea 150. Waya mwembamba utumikao sana katika kengele, ule wa namba 22, huzuia umeme kama omu 5.3 kwa kila mita 100. Kwenda na kurudi ni mita 400, yaani omu 21. Zidisha kwa mzigo, utaona volti 3.2 zimepotea njiani. Zilizotoka 12 zinafika 8.8, na macho mengi yameandikwa kuwa yataka 9 au zaidi. Mchana fundi akijaribu atasema yafanya kazi. Usiku umeme ukikatika na betri ikaanza kushuka, macho ya bohari la pili hupofuka kabla ya yale ya kwanza.

Dawa ni mojawapo ya mbili. Ama tumia waya mnene zaidi, ama weka katika bohari la pili kisanduku chake cha umeme chenye betri yake. Ukifanya la pili, waya mweusi wa kule uungane na waya mweusi wa sanduku kuu ili mazungumzo yasikike, lakini nyekundu mbili zisigusane kamwe.

RADI, MCHWA NA CHUMVI

Uwanda wa kati una adui zake. Mvua za Desemba huja na radi kali. Waya mrefu uliotandazwa baina ya majengo mawili hupokea mshtuko wa radi hata ikipiga mbali, na hauchomi moduli peke yake, huja mpaka kwenye sanduku. Waya wa ardhi ungesaidia, lakini ardhi kavu haipokei umeme vizuri, na huko udongo hukaa kiangazi miezi saba au minane. Nondo ya waya wa ardhi sharti ishuke chini sana, mahali penye unyevu. Kisha kuna mchwa, ambao hutafuna hata ganda la waya uliozikwa, na vumbi linaloingia kwenye macho na swichi.

Kwetu mambo ni kinyume. Ardhi yetu ina unyevu na waya wa ardhi hufanya kazi yake vyema. Lakini hewa ya chumvi hula skrubu za shaba na kuziotesha kutu ya kijani, na skrubu iliyota kutu huzuia umeme kama rezista isiyo na kipimo. Njia huanza kulia ovyo. Kwa hiyo moduli iwe ndani ya kisanduku chenye mfuniko wa kubana, kilichoinuliwa juu ya sakafu, mbali na ukuta unaovuja, wala kisikae palipo na vumbi la karafuu. Radi tunayo na sisi, na panya tunao zaidi.

Waya wa kuvuka uwanja na upite ndani ya bomba, chini ya ardhi, na kila mwisho wake utiwe kizuia radi. Pale ambapo hilo haliwezekani, ziko moduli za redio zisizohitaji waya baina ya majengo. Hizo nazo zijaribiwe kwanza mahali penyewe, maana paa na kuta za mabati hudhoofisha redio.

DAFTARI NA MAJARIBIO

Tulianza na daftari, na kazi yote huishia kwenye daftari. Fundi asilipwe sehemu ya mwisho ya ujira wake mpaka akabidhi karatasi yenye mambo haya: kila namba ya njia na mahali inapolinda, kila moduli iko wapi na inabeba njia zipi, nyaya zinapita wapi, hesabu ya umeme ilivyo, na tarehe ya betri. Nakala moja ikae ofisini ndani ya kabati lenye kufuli, wala si ukutani, kwa sababu karatasi hiyo ikimwangukia mtu mbaya ni ramani yake.

Namba za siri zisiwe moja kwa watu wote. Kila mwenye ruhusa awe na yake, na mtu akiacha kazi namba yake ifutwe siku hiyo hiyo. Namba ya fundi aliyoijia nayo kutoka kiwandani nayo ibadilishwe, kwa sababu imeandikwa katika vitabu ambavyo kila mtu aweza kuvisoma.

Kisha ije siku ya majaribio, nayo irudiwe kila mwezi na tena kabla ya msimu wa kuchuma. Watu wawili watosha. Mmoja asimame kwenye kibao na karatasi, mwingine azunguke. Afungue mlango wa kwanza. Aliye kwenye kibao aseme ni njia gani. Afunge, aende wa pili, na hivyo mpaka wa mwisho, na kila jicho alipite. Namba isiyolingana na karatasi iandikwe na irekebishwe kabla ya jua kuchwa. Halafu uzimwe umeme wa ukutani kwa saa chache, nao uzunguke tena kwa betri tupu, wakianzia bohari la mbali, kwa kuwa ndilo litakalokuwa la kwanza kunyamaza.

Kazi hiyo haizidi asubuhi moja. Wenye bohari wafanye zamu, kila mwezi wanachama wawili, na majina yao na tarehe yaandikwe katika daftari la bohari pamoja na hesabu ya magunia.